Kabla Hujazikata Kanga za Bibi



Mwezi haupiti bila ya kuingia dukani kwangu msichana mwenye simu mkononi na mama yake nyuma. Hunionesha picha ya kitanda kilichotandikwa mfarishi wa viraka, kila kiraka na rangi yake, halafu huniambia, "Dada, nataka kama huu, lakini uwe na mambo yangu mimi." Kisha mama hufungua mfuko na kutoa kanga. Za bibi. Za mama mkubwa. Ile aliyofunga siku ya arobaini ya mtoto wake wa kwanza. Huziweka juu ya meza yangu ya kukatia na kusema, "Hizi hapa, mwanangu. Kata."

Siku hizi sikati. Namwambia, "Kaa kwanza, mama. Tutoe daftari." Wapo wanaonuna, wapo wanaodhani kazi siiwezi, na mmoja aliondoka akaenda kwa fundi mwengine. Simlaumu. Leo nataka nieleze kwa nini nafanya hivi, kwa sababu naona wengi wetu tunaanza kazi hii kwa mkasi ilhali inatakiwa ianze kwa kalamu, na anayelipia kosa hilo ni kitambaa ambacho hakiuzwi tena duniani.

Nami sisemi kwa kuwa najua sana. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kozi ya ushonaji, nikaanza na cherehani moja ya miguu kibarazani kwa mama. Nashona madera, abaya, mashuka na foronya za maharusi. Mfarishi hatukufundishwa. Niliujua kwa kuharibu, na nilichoharibu ni kanga ya bibi yangu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa, nilitaka kumpa zawadi ambayo haipo dukani. Bibi yetu wa Wete alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu, na kanga zake saba zilikuwa katika sanduku la mama. Nikasema nitamshonea mdogo wangu mfarishi wa kitanda cha harusi, na jambo lake liwe nyumba ya bibi: ule ua tuliokuwa tukicheza wakati wa likizo, kisima, miti ya mikarafuu nyuma ya nyumba, asumini ukutani. Nilikuwa nauona mzima kichwani mwangu. Nikamwomba mama kanga, akanipa ya kwanza, na usiku ule ule baada ya Isha nikakata.

Nilikata vipande sita vya inchi 12 kwa 12. Nikaunga vitano kwa safu moja, nikavipiga pasi, nikapima. Kitanda cha mdogo wangu ni cha tano kwa sita, kwa hiyo safu ya vipande vitano vya futi moja nilitaraji inipe inchi 60. Ikanipa inchi 56. Mimi, fundi wa miaka kumi, nilisahau kwamba kila mshono unakula nusu inchi huku na nusu inchi huku. Kipande cha inchi 12 kikishashonwa pande zote kinabaki na inchi 11. Katika nguo kosa kama hilo unaliona mapema kwa sababu mishono ni michache. Katika mfarishi mishono ni mingi, na kila mmoja unaiba kidogo kidogo kama panya wa ghalani.

La pili lilikuwa baya zaidi. Kanga ile ilikuwa imeandikwa "Nyumba njema si mlango." Methali yetu sote tunaijua na maana yake tunaijua. Mkasi wangu ulipita kati ya maneno. Kipande nilichokiunga mwanzo wa safu kilibaki kimeandikwa "Nyumba njema si", na neno "mlango" limelala sakafuni katika masalio. Nikajiuliza, hivi ndivyo bibi harusi atakavyosoma kitandani kwake kila asubuhi? Nyumba njema si?

Na la tatu ndilo lililoniliza. Khaloo yangu wa Wete alipata habari. Akanipigia simu, wala hakugomba, aliuliza tu kwa sauti yake ya chini, "Mwanangu, umekata mali ya nani?"

Dada zangu, hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili tunalipita kama halipo. Nguo za marehemu ni katika mali aliyoiacha. Zina warithi. Bibi yangu aliacha watoto watatu, mjomba, khaloo na mama, na mimi mjukuu sikuwa na fungu mle. Mama alinipa kanga kwa moyo mweupe, lakini alinipa na kilichokuwa cha kaka yake na dada yake. Sisi tunaona kanga kuukuu si kitu, tunagawana msibani au tunatia sandukuni miaka. Lakini amana haipimwi kwa bei. Nikapanda boti nikaenda Pemba kumwangukia khaloo.

Khaloo alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Akasema yeye hana kizuizi, mfarishi ni jambo zuri, bibi mwenyewe angefurahi. Kisha akaniuliza suali moja, "Unahitaji ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshaanza kukata na sijui nahitaji kanga ngapi, tatu au zote saba. Nikaona haya mpaka nikainamisha kichwa. Ndipo nilipofahamu kwamba kupanga kazi kwenye karatasi si mambo ya wasomi wala ya watu wenye nafasi. Ni adabu. Ukichukua kitu cha mtu, uwe unajua unachukua kiasi gani na unakwenda kukifanyia nini.

Nilirudi Unguja, nikanunua daftari la hesabu lenye vyumba vidogo vidogo, na nikaanza upya. Nitawaeleza hesabu yangu, ili mwenye kutaka aichukue na kuigeuza kwa kitanda chake.

Kila chumba kimoja cha daftari nilikifanya inchi 4. Kitanda cha tano kwa sita juu yake ni inchi 60 kwa 72, basi nikachora vyumba 15 kwa 18. Kisha nikataka mfarishi uteremke inchi 12 kushoto, kulia na miguuni. Kichwani hauteremki, pale pana mito. Jumla ikawa inchi 84 kwa 84, mraba kamili. Kumbuka kwamba sehemu inayoteremka haionekani kwa aliyesimama mlangoni kama inavyoonekana sehemu ya juu. Kwa hiyo ukiweka ua lako zuri pale kwenye ukingo wa godoro, litavunjika katikati. Jambo hili sikulijua mpaka nilipolichora.

Nilipofika hapo kanga yenyewe ikanifundisha. Kanga ina mji katikati na pindo pembeni, na chini yake ina jina. Nikasema mfarishi wangu nao utakuwa hivyo hivyo. Sehemu ya juu ya kitanda ni mji, inchi 60 kwa 72. Sehemu zinazoteremka ni pindo, nyeusi, pande tatu. Na jina litakaa kwenye pindo la miguuni. Wala si jambo geni. Wanaosimulia asili ya kanga husema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaunga sita, tatu juu na tatu chini, zikawa vazi moja. Yaani kanga yenyewe ilianza kwa kuunga vipande. Anayekwambia mfarishi wa viraka ni mambo ya kuiga Ulaya, mwambie hivyo.

Mji wa inchi 60 kwa 72 unagawika kwa vipande vya futi moja: vitano kwa upana, sita kwa urefu, jumla thelathini. Hapa nikapiga hesabu nyengine. Kama vyote thelathini ni kanga, macho hayatapumzika, kila kipande kitapiga kelele. Nikaamua nusu viwe kanga na nusu marikani nyeupe, vikae kwa kupishana kama bao la drafti. Kanga kumi na tano, nyeupe kumi na tano. Kanga moja kuukuu, ukiacha pindo na ukiacha mahali palipochakaa, ilinipa vipande vitano safi. Basi nahitaji kanga tatu, na moja kati ya hizo ndiyo ile niliyokwisha kuikata. Zilizobaki zinarudi sandukuni nzima.

Nilimpigia khaloo simu nikamwambia, "Tatu tu, na ile ya kwanza imo." Akacheka. Akasema, "Ile kisutu usiiguse lakini." Sikuwa na nia ya kuigusa. Kisutu ya bibi, yenye wekundu na weusi na weupe wake, ndiyo aliyofungwa siku ya harusi yake, na kitu kama kile hukirithi kikiwa kizima au hukirithi kabisa.

Sasa nije kwenye jambo la mfarishi, yaani kile unachotaka useme. Hapa ndipo mabibi harusi wengi wanapopotea. Anakuja mtu anataka bahari, na majahazi, na maua, na herufi za majina yao wawili, na tarehe ya nikahi, na Kaaba, na moyo mwekundu. Namuuliza, "Kwani kanga ina maneno mangapi?" Kanga inasema jambo moja. Ukiweza kuandika mstari mmoja chini ya mfarishi wako kama jina la kanga, jambo lako limetulia. Usipoweza, bado hujalijua, na mkasi usubiri.

Langu mimi lilikuwa nyumba ya bibi, kwa hiyo kila kipande cheupe kilitakiwa kiwe ndani ya nyumba ile au uani kwake. Majahazi nikayafuta. Mnara wa msikiti nikaufuta, ingawa niliupenda, kwa sababu kwa bibi hauonekani.

Mwanzo nilitaka mlango ukae katikati kabisa ya mfarishi. Kwenye karatasi nikagundua hakuna katikati. Kwa upana vipo vipande vitano, cha tatu ndicho cha kati. Kwa urefu vipo sita, na sita haina cha kati. Nilihangaika jioni mbili, nikafikiria kuongeza safu, nikaona kitanda kitazidi. Halafu mama akapita nyuma yangu akachungulia daftari, akasema, "Tangu lini mlango ukakaa katikati ya nyumba? Mlango si unakaa mwanzo?"

Basi nikaupanga kama mtu anayeingia. Safu ya kwanza, ya miguuni, ambayo ndiyo unayokutana nayo ukifungua chumba, ina vyeupe vitatu: mlango katikati, na mkarafuu kila upande. Safu ya pili ina viwili: kisima na ndoo. Ya tatu ina vitatu, vyote asumini. Ya nne ina viwili: kinu, na mbuzi. Msishtuke, ni mbuzi wa kukunia nazi, huyo hana roho. Ya tano ina vitatu: kandili katikati na nyota ya pembe nane kila upande. Ya sita, karibu na mito, ina viwili, na hivyo niliviacha vyeupe tupu. Vya kwao wenyewe, wataweka watakachojaaliwa.

Nimetaja roho kwa mzaha lakini nina maana yake. Sura za watu na wanyama sikuziweka, na mteja akizitaka humwambia maoni yangu. Maulamaa wamezungumza katika suala hili na kila mtu ana shekhe wake wa kumuuliza, ila mimi naona miti, maua, milango na nyota zinatutosha tele. Angalieni milango ya Mji Mkongwe ilivyochongwa, nani alikosa pambo?

Jengine ni maneno. Kanga zetu nyingi zina jina la Mungu ndani yake. Kipande kama hicho tafadhali usikitie katika mfarishi wa kitanda, ambapo watu watakalia na kuweka miguu. Kikate kwa heshima, kipige pindo, ukitie fremu ukutani. Na aya za Qur'ani usiniletee kabisa kwa ajili ya kitanda. Nimeshakataa kazi mbili kwa sababu hiyo na sijajuta.

Baada ya karatasi huja kipande cha majaribio. Usianze na kitambaa cha thamani. Chukua matambara ya dukani, shona vipande vinne viwili kwa viwili, mpaka upate futi mbili kwa mbili zilizonyooka. Hapo utajua cherehani yako inakula kiasi gani. Mimi nashona kwa nusu inchi, kwa hiyo kila kipande hukata inchi 13 ili kibaki 12. Anayeshona kwa robo inchi akate 12 na nusu. Usichanganye, maana safu moja ikila nusu na nyengine robo hazitakutana milele.

Na vile vipande vya kwanza, nilivyokwisha kuvikata 12? Sikuvitupa. Nilikata vipande vyembamba vya kitambaa cheusi, upana inchi moja na nusu, nikavizungushia pande zote nne kama fremu. Ukipiga hesabu utaona kipande kinarudi kuwa inchi 13 kabla ya kuungwa. Vilikuwa vitano, na safu mbili za miguuni zinahitaji vya kanga vitano, viwili na vitatu. Nikavipanga huko huko chini karibu na mlango. Ukiona utadhani nilikusudia.

Kile cha sita, chenye "Nyumba njema si", nilikipunguza nikakiunga na neno lake lililoanguka, nikakitia kwenye pindo la miguuni chini ya mlango. Mshono unaonekana kati ya "si" na "mlango". Ningeweza kutafuta kanga mpya yenye maneno hayo hayo, lakini niliuacha. Mdogo wangu anaijua habari yake.

Kabla ya kukata fua kila kitu. Marikani mpya hunywea, na kitambaa cheusi kipya hutoa rangi. Wazee wetu hutia chumvi ndani ya maji. Mimi nilitia chumvi, maji yakabaki meusi. Kilichonisaidia ni kufua na kusuuza tena na tena mpaka maji yakatoka safi, kisha kukibonyeza kikiwa kimajimaji juu ya kitambaa cheupe kuona kama kinaacha alama. Kanga za bibi zenyewe zilishafuliwa miaka, hazikunisumbua kwa rangi. Zilinisumbua kwa wembamba. Kila kipande cha kanga nilikitia bitana nyepesi nyuma kabla ya kuunga, kisije kikachanika mwaka wa kwanza.

Kuhusu katikati, usidanganyike na picha za nchi za baridi. Mfarishi una tabaka tatu: uso, kijazio na mgongo. Kijazio kinene kinapendeza picha, lakini hapa kwetu usiku wa kaskazi nani atajifunika? Sufi na pamba zisiposhonewa karibu karibu hujikusanya pembe moja ukifua. Mimi nilitia flana nyepesi. Ifikirie na siku ya kufuliwa: mfarishi wa inchi 84 ukilowa maji unahitaji watu wawili kuukamua. Ukishindwa kuufua, utaukunja uuweke kabatini, na zawadi itakuwa imekufa.

Mgongo ukate mkubwa kuliko uso kwa inchi 3 kila upande. Tandika sakafuni, mgongo chini, kijazio katikati, uso juu. Nyoosha kuanzia kati kwenda nje, piga pini, kisha piga bandi kwa uzi mrefu kuanzia kati kwenda nje pia, ili mikunjo ifukuzwe pembeni. Ndipo uingie cherehani, nao uende kwa mpango ule ule. Pembeni malizia kwa utepe. Bandi utaifumua mwisho. Na mishono mingine utaifumua kabla ya mwisho, mimi nilifumua safu nzima ya nne. Nikawa namkumbuka yule mwanamke aliyetajwa katika Surat An-Nahl, aliyefumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Ule ni mfano wa wanaovunja ahadi, najua. Lakini mimi nilikuwa nafumua ili niitimize yangu, nikajifariji kwa hilo.

Wapo watakaoniambia kwamba mabibi zetu hawakuwa na daftari na walishona. Ni kweli, na nitawaongezea ushahidi. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wapo Masidi, watu ambao asili yao ni Afrika, na wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Hawachori kitu. Huanza kwenye ukingo, hubandika vipande vya nguo kuukuu kimoja kimoja, huzunguka kwa sindano ya mkono mpaka wakutane katikati, na kwenye pembe huweka vijiraka vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Wanasema usio na maua hayo uko uchi. Nilipoona picha zake nilikaa kimya muda mrefu, kwa jinsi vilivyonikumbusha mikono ya nyumbani.

Lakini yule mama wa Kisidi hana karatasi kwa sababu karatasi iko mikononi mwake. Alikaa ubavuni mwa mama yake akaona mingi kabla ya kushona wake. Mimi na wewe hatukuona. Tumeona picha kwenye simu. Daftari ni njia yetu ya kukaa ubavuni mwa mtu ambaye hatukumpata. Na ukishashona miwili mitatu, pengine utalitupa, In sha Allah.

Wengine watasema, si ununue tu duveti, harusi zenyewe ni gharama? Nunua, si haramu. Ila naona tunavyojibebesha madeni kwa mashuka ya seti ambayo yatafifia kabla deni halijaisha, na sandukuni nyumbani tuna vitambaa vyenye historia. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, katika aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Hakuna udhalili katika kiraka. Na tumefundishwa kwamba Allah anapenda mja wake akifanya kazi aifanye kwa ustadi. Kiraka kilichopimwa vizuri kina heshima kuliko hariri iliyotupiwa tupiwa.

Kwa hiyo ukija kwangu na mfuko wa kanga, nitakuuliza mambo matatu kabla ya kukamata mkasi. Kitambaa hiki ni cha nani, na wenyewe wote wameridhia? Kitanda ni cha ukubwa gani? Na mfarishi wako unasema nini, kwa mstari mmoja? Ukinijibu yote, kazi iliyobaki ni ya sindano na subira. Mimi ilinichukua miezi miwili ya usiku.

Zile kanga nne zilizobaki, kisutu ikiwemo, mjomba na khaloo na mama walikaa wakagawana kwa kuridhiana: mjomba mbili, khaloo moja, mama moja. Mjomba alisema zake zitolewe sadaka kwa niaba ya bibi, zikatolewa. Kisutu ilikwenda kwa khaloo, na ndivyo sote tulivyotaka.

Mdogo wangu ana mwaka wa pili sasa nyumbani kwake, Alhamdulillah. Juzi nilikwenda kumtembelea, nikaukuta mfarishi umetandikwa, na katika kile kipande cheupe cha kushoto karibu na mto ameshona kwa mkono, vibaya kidogo, jani la mchicha. Nikamuuliza la nini. Akasema ndiyo mboga ya kwanza aliyompikia mumewe, na iliungua. Cha kulia bado ni cheupe.

Allah awajaalie mabibi harusi wote nyumba zenye utulivu na mapenzi, na awarehemu mabibi zetu waliotuachia kanga na mengine yasiyokatika. Aamin.

Wabillahi tawfiq.